Damu ya Mzee

Kaka yangu Reino ana miaka sabini na minne
na tangu Novemba anatafuta rangi moja.
Chini ya nyumba yake, Duluth, tanuru likinguruma ukutani,
makopo ishirini na saba yametanda mezani,
vifuniko vya chupa, vijiti vya meno,
na behewa moja la mkiani, refu kama kiganja,
uchi, plastiki ya kijivu, linangoja kuvikwa.

Reli yenyewe haipo. Kampuni ilikufa,
mataruma yakang'olewa, njia wakapewa waendesha baiskeli.
Kilichobaki ni ubishi.

Wendell Prochaska, aliyefunga breki miaka thelathini,
anaapa ilikuwa kahawia.
Bjorklund anasema nyekundu, ya tofali lililolowa.
Walinuniana hadi Krismasi.
Picha? Reino anazo kumi na mbili.
Katika moja behewa ni la zambarau,
katika nyingine ni la chungwa, na theluji kando yake ya waridi.
"Hebu niambie," anasema, "theluji ya waridi uliiona wapi?"
Picha nazo huzeeka, huota mtoto wa jicho.

Anachanganya. Matone sita mekundu, mawili meusi,
njano ya kuchovya ncha ya kijiti tu.
Anapaka kwenye kadi, anapuliza, anasubiri
(rangi mbichi ni mwongo, ananiambia, kama bwana harusi).
Chini ya balbu, sawasawa.
Anapanda ngazi, magoti yakilia, hadi dirishani,
na mbele ya mwanga wa ziwa lililoganda
ile ile imekuwa maini.

Nilicheka. Nilisema, rangi ni rangi.
Nilisema, Reino, walioijua wote wamezikwa.
Akaniangalia.
"Wewe uliijua. Ulikuwa unamfulia."

Kweli. Jumamosi, ovaroli za baba,
mpaka rangi wa karakana namba mbili,
na beseni lilivyochafuka.
Nilifumba macho niione.
Niliona mikono ya mama, sabuni, mvuke kwenye kioo.
Rangi haikuja.

Ilinijia saa nane za usiku, nikiwa sina hili wala lile:
stuli.

Baba hakuwa mwizi. Ila makopo hubaki robo,
na mtaani kwetu kila uzio, kila kibanda cha kuku,
hata jeneza la mbwa wa akina Maki,
ungedhani ni mali ya kampuni.
Stuli ya jikoni aliipaka yeye.

Tukaipindua mezani. Reino na msasa na maji,
duara dogo, upana wa sarafu.
Krimu. Kijani cha mwaka nilioolewa.
Samawati, sikumbuki ya nini.
Kisha nyeupe ya mama, wiki ile ya mazishi,
nene, yenye michirizi, iliyopakwa kwa hasira.
Na chini yake

tukanyamaza wote wawili.

Damu ya mzee.
Si ya Wendell, si ya Bjorklund.
Nyekundu iliyokaa sana gizani ikisikiliza.

Siku tatu akaifuata, tone kwa tone,
mpaka kadi ikalala juu ya stuli na kingo zake zikapotea,
balbuni na dirishani.
Akalipaka behewa. Likawa jeusi kama kaa la mawe.

Sikuamini. Yeye alijua.
"Kitu kidogo hunywa mwanga," alisema,
akafungua kopo la nyeupe.
"Ili liwe la kweli lazima nidanganye kidogo."
Tone moja. Akatazama. La pili.
"Kiasi gani, Aili? Sema basi."

Mimi nilikuwa naangalia kucha zake.
Pale kwenye mizizi, palipogoma kutakata,
ilikuwepo nzima, bila nyeupe,
na maji ya beseni yakanirudia, na uzito wa nguo zilizolowa.

"Hapo," nikasema.
Akadhani nasema behewa.