Kisu Kimoja

Kaunta ya Shekue, Barabara ya Kumi, Ngamiani,
ni ya mninga; kingo zake nilizichonga mimi.
Nikiegemea tu, anainama, anaibuka na sanduku.

Sanduku lenyewe si baya kulitazama:
bawaba zinang'aa, sponji nyeusi,
visu kumi na viwili vya ruta
vimelala safu mbili kama wanafunzi wa bweni,
vimepakwa wekundu wa kucha za bibi harusi.
"Elfu thelathini na tano, Mwanjaa. Kumi na viwili!"
Anauza kama mafungu ya nyanya.

Nyanya hizo nilishazila.
Mwaka juzi, mlango wa Bi. Mgeni wa Chumbageni,
mtiki wa Longuza uliokauka miezi minane chini ya bati langu.
Mita ya kwanza kisu kiliimba,
ya pili kikakohoa,
ya tatu moshi, harufu ya ukoko,
na ubao ukabaki na mstari mweusi
kama wanja wa mtu aliyelia.
Kisha jino likang'oka.
Sikuliona likiruka. Nililisikia kwenye bati,
tii,
na Kilua, mwanafunzi wangu, akashika sikio
kuhakikisha bado lipo.

"Niteremshie kile cha juu."
Kimo ndani ya kibomba cha plastiki, peke yake,
hakina rangi ya kujisifia.
Elfu arobaini na nane.

Nakikokota kwenye ukucha wa gumba, bila kusukuma:
kikikwangua unga mweupe, kimenolewa;
kikiteleza, kimefananishwa tu na kisu.
Nakipeleka mlangoni, kwenye jua la saa nne,
nautafuta mshono wa shaba
pale kabaidi inapokutana na chuma.
Usiwe na tundu. Uwe mwembamba
kama mshono wa fundi aliyeshiba kanzu.
Na kabaidi iwe nene, ya kunolewa na kunolewa tena;
kisu hakizikwi kabla ya arobaini.
Beringi naipuliza: izunguke, inyamaze.
Ikinung'unika hapa dukani,
kwenye mizunguko elfu ishirini kwa dakika itapiga mayowe.
Shina nusu inchi, si robo.
Robo hutetemeka kama mkwe siku ya kwanza,
na ubao hauna siri, huandika yote.

"Unanunua kisu au unaposa?"
Mtu aliye nyuma yangu, wa misumari nusu kilo, anacheka.
Naposa, namwambia. Mahari nimeiona, nauliza ukoo.
"Kimetoka wapi?"
"Boksi limeandikwa..."
"Boksi nimelisoma. Wewe umekitoa wapi?"

Shekue anasogeza mizani apate pa kuandikia risiti,
na chini yake, kwenye ukingo, upo:
mstari mweusi, urefu wa kidole,
kazi yangu, kwa kisu chake.
Tunautazama wote wawili. Miaka minne mizani imekaa pale.
Anairudisha taratibu.
"Hicho cha juu nakijua," anasema.
"Vya sanduku, dada, sivijui."

Nimebaki na elfu mbili na safari ya miguu.

Karakanani, Makorora, Kilua anafungua mfuko,
anaukung'uta, anachungulia ndani
akitafuta vingine kumi na kimoja.
"Kimoja?"
Nakizamisha kwenye koleti hadi mwisho,
nakirudisha upana wa uzi, nakaza.
Kipande cha mtiki, kibovu, cha majaribio.
Ruta inaingia na hakuna anayekohoa.
Hautoki unga; zinatoka nyuzi
za rangi ya asali, zinamtua Kilua kwenye nyusi.
Anapitisha kiganja ukingoni. Anarudi, anapitisha tena.
Mkono wa pili umeshashika msasa,
haujui uuweke wapi.