Faili la Arobaini na Moja

Farkwa, saa nne asubuhi.
Jenereta tumeizima, jogoo tumemfukuza mara mbili;
mabati yanaalika kwa jua, hayo hayana wa kuyanyamazisha.

Miaka kumi na mmoja nimepaka jeli matumbo ya wajawazito
pale Dodoma mjini. Leo napaka kidevu.
"Baridi," anasema Bi Pelagia, "kama pua ya mbwa."
Tunamvika kofia inayoshika kifaa chini ya taya;
kamera inatazama midomo, kipaza sauti kiko shavuni,
na Daktari Lechipya anagonga kalamu mezani, ta!
ili picha na sauti zijue zilianza pamoja.

Ulimi hauna mfupa, tuliambiwa.
Kweli. Mfupa kwenye skrini ni kivuli cheusi,
ulimi ni ule mstari mweupe katikati,
mgongo wa mbuzi apitaye usiku.

Neno kwa neno, Kisandawe.
Akipiga kidoko, mstari unainuka nyuma na mbele,
unabonyea katikati, unanyonya, unaachia,
ndipo sauti inafika,
kama mgeni abishaye hodi akiwa ameshaketi.

Mama yangu alizaliwa Kwa Mtoro.
Alipoolewa na Mgogo aliviacha huko vidoko vyake.
Mimi ninacho kimoja tu, cha kuitia kuku.

Orodha ikafika kwenye majina.
Baba. Mama. Watoto sita, mfululizo.
"Na mzee wako?"
Akatazama mlango.
"Hilo silisemi. Tangu kiangazi kile."
"Basi, Bibi. Tupumzike."

Hakuna aliyekumbuka kubonyeza kitufe.

Jumapili, chuoni, tukaunganisha:
wimbi la sauti juu, midomo kushoto, ulimi kulia.
Faili la arobaini na moja, wimbi limenyooka kama uzi.
Midomo imefumbwa.
Na ulimi unainuka nyuma na mbele,
unabonyea, unaachia polepole,
unajikunja, unalala.
Kisha tena.

Kwenye safu ya maelezo Daktari aliandika *kimya*,
akafuta, akaandika *mapumziko*, akafuta.
"Tumpigie," nikasema, "tumuulize kama tulitupe."

Simu ikaita. Ikaita.
Nami, midomo imefumbwa,
nikauhisi wangu ukiinuka gizani,
ukipapasa jina la mtu nisiyemjua.