Majike Hawakuhesabiwa

Kazi yangu ni panya. Watu wakisikia hucheka,
huuliza kama ninauza sumu.
Hapana. Ninawalisha, ninawapima uzito,
ninawabana ndani ya bomba la plastiki kwa saa mbili kila siku,
siku ishirini na moja, bila kosa lao lolote,
halafu ninawaachia kwenye vichochoro vya mbao
nione nani bado anakumbuka mlango.

Upanga, chumba kisicho na dirisha,
feni inalia kama mbuzi.

Zamani, daktari aliniambia, tulitumia madume tu.
Majike wana mizunguko yao, wanavuruga hesabu.
Alisema hivyo kwa upole,
kama mtu anayeeleza kwa nini wageni wa kike
wataandaliwa jikoni.

Mwaka huu tumeleta majike.
Dume, siku zikitimia, hupotea:
anarudi kona ileile, ananusa ukuta, anakaa.
Jike njia anaijua. Anafika kabla saa yangu haijalia,
na hapo hapo mlangoni
anaganda.
"Siyo wote," daktari hukumbusha. "Andika siyo wote."
Naandika.

Jioni narudi Kigogo kwa kaka yangu Hemedi,
kwenye nyumba yenye X nyekundu ukutani.
X ina mwaka wa tatu.
Walikuja vijana wawili na kopo la rangi,
wakaomba maji ya kunywa, wakapewa, wakachora.
Hawajarudi kubomoa, hawajarudi kufuta.

Hemedi ni fundi friji. Alikuwa akitambua ugonjwa
kwa kuweka sikio tu.
Sasa anaacha bisibisi ndani ya friji la mteja wa Magomeni,
anawakaripia watoto kwa kupumua,
na Jumapili moja aliipita nyumba yake mwenyewe
mpaka muuza mihogo akamwita.
Usiku analala kama gogo. Hilo nalo ni neno.

Wifi yangu Tausi hasahau kitu.
Anajua tarehe ya X, jina la mjumbe aliyeongozana nao,
mabati ya paa letu, ishirini na manne,
na lipi limetoboka.
Saa tisa za usiku anafagia uwanja uliokwisha fagiliwa.
Pikipiki ikizima nje, mwiko unasimama ndani ya chungu.
Majirani wanasema: Hemedi kalegea,
Tausi ndiye mwanamke wa shoka.
Shoka gani lisilolala?

Nimewahi kuwaandika. Nakiri.
Nyuma ya daftari la kazi, safu mbili,
D na J, tarehe, saa za usingizi.
Kisha nikaona maandishi yangu yamekandamizwa
mpaka karatasi imechanika,
na taya langu linauma,
na mimi sina safu.

Mvua za Aprili, Msimbazi ulipanda usiku.
Umeme ulikatika. Maji yalifika kizingitini,
tukasikia ndoo zikigongana uani.
Hemedi alitafuta ufunguo mfukoni, dirishani, mfukoni tena,
mfukoni tena.
Tausi alisimama mbele ya mlango, mkono hewani,
haushuki wala haupandi.
"Kopo la sukari," alisema, kwa sauti ndogo kama ya mtoto.
Kaka akafungua.
Tulikaa darini kwa jirani hadi alfajiri, watoto wamelowa,
na hakuna aliyemshukuru mwenzake.
Asubuhi waligombana:
nani aliacha kopo wazi,
sukari yote imekuwa uji.

X haikufutika. Rangi ya serikali nzuri.

Leo ilikuwa siku ya ishirini na mbili.
Hakuna bomba, nimeshayaosha yote, yanakauka.
Jike namba kumi na saba alikuja mbele ya kizimba
saa ileile,
akajikunja, akafanya mwili mwembamba,
akausubiri mkono wangu.