Kabata

Huko Liepāja, Novemba, saa kumi na jua limeshafunga duka,
Skaidrīte anatafsiri karatasi za dawa:
meza baada ya chakula, usiendeshe mtambo,
weka mbali na watoto, na tena weka mbali na watoto,
miaka kumi na minne.

Alikuwa na msaidizi pembeni mwa kioo,
programu yenye uzito wa punje, jina lake Kabata.
Kwa lugha ya kwao ni mfuko wa koti;
sikio langu lilisikia kabati,
wala halikupotea sana.
Ulichonakili, ilikishika.
Ulipokiita, ilikileta.
Haikukuuliza wewe nani.

Jumatatu ukaja ujumbe:
"Nimeacha kuitengeneza. Mashine mpya zitaikataa.
Samahani. Siku hizi nina nyuki. Visvaldis."

Chema hakidumu, tunasema.
Hatukusema kitaaga kwa kutaja nyuki.

Dada yake Dzidra, kwenye simu: "Si ununue nyingine?"
Ameshaijaribu. Ile nyingine ilitaka baruapepe,
kisha nenosiri, kisha ada ya kila mwezi,
kisha ikamwonyesha watu wanaocheka mbele ya kompyuta.
Nani hucheka mbele ya kompyuta?

Vidole ndivyo vilivyochelewa kupata habari.
Vinabonyeza vitufe vilevile vitatu,
kama ulimi unaorudi kwenye pengo la jino,
na pengo halina la kusema.

Usiku wa mwisho, kabla hajaukubali mfumo mpya,
aliifungua mpaka chini kabisa.
Mfuko ukamwaga:
bei ya viatu vya theluji,
alama ya µ, peke yake, kama mtoto aliyesahauliwa shuleni,
namba ya fundi bomba aliyehamia Ayalandi,
kichefuchefu, kichefuchefu, kichefuchefu,
na nusu ya sentensi, ya barua gani hajui:
"Sikukasirika siku ile, nilikuwa tu"

Tu nini?
Akatazama dirishani. Tramu ilipita, tupu, taa zote zikiwaka.

Hakuipeleka popote ile sentensi.
Aliiandika kwa kalamu nyuma ya risiti ya mkate
akaitia mfukoni mwa koti,
mfuko wa kweli, wa kulia,
ule wenye tundu
ambalo tangu Machi anasema atalishona.