Kivuli cha Saa Tisa

Paa lile nililichora mimi.
Naanza na hilo, maana mkutanoni
nilikaa safu ya nyuma, nikajitia natafuta kalamu.

Mita tano juu, bati jeupe lililotobolewa nyota,
"kama dirisha la ngome," alisema mkurugenzi,
na picha yake ikapelekwa Dubai
ikarudi na cheti.
Kituo cha basi, mbele ya zahanati ya Mabela.
Pichani hapakuwa na mtu anayesubiri.
Palikuwa na mtende, na gari jeupe linapita.

Bi Shinuna binti Farajala
habari ya cheti hakuwa nayo.
Alikuwa na sukari, na miadi kila Jumapili,
na kipande cha chaki kutoka mkoba wa mjukuu.
Saa mbili asubuhi akachora ukingo wa kivuli:
kimelala nyuma, juu ya magari ya madaktari.
Saa sita akachora: kiko chini ya paa, ndiyo,
lakini kimetoboka. Nyota za jua
zinatambaa mabegani mwa watu kama makaa.
Saa tisa akachora katikati ya lami,
honi zikimpigia,
naye kainama, pindo la ushungi kinywani, anaandika tarehe.

Wiki tatu.
Mofizul anayefagia barabara akawa anaizunguka chaki asiifute.
Msimamizi akamkata mshahara wa siku moja.
Dadkarim wa duka la matairi akatoa kamba ya kupimia.
Na Nekesa, wa Bungoma, wa kazi za ndani,
asubiriye basi na mtoto wa tajiri wake kiunoni,
akahesabu vichwa
akaviandika nyuma ya risiti ya maziwa.

Mkutano wa Wadau, bango lilisema.
Mlangoni fomu: Jina. Simu. Kabila.
Fomu nayo niliipanga mimi;
nilidhani kisanduku ni kisanduku tu.
Bi Shinuna alipofika cha tatu, kalamu ikasita.
"Niandike la nani, mwanangu?
La babu yangu lilizama kabla sijazaliwa.
La waliomnunua ninalo,
ila kila nikilitaja naambiwa nirudishe."
Akapiga mstari mmoja, mnyoofu, kama ule wa lami,
akaingia.

Nekesa hakuingia. Barua ya kafili iko wapi, aliuliza askari.
Akarudi kituoni.

Mkurugenzi alisema urithi. Alisema utambulisho.
Alisema hapa kwetu rangi haipo, sote ni wamoja,
na kiyoyozi kikamuitikia.
Bi Shinuna akainuka,
Kiarabu chake kina lafudhi ya Ng'ambo,
vijana wawili wakatazamana, wakacheka kwa pua.
"Alhamdulillahi kama sote ni wamoja.
Sasa ni saa tisa kasorobo.
Twendeni tukakae pale kituoni, sote,
dakika ishirini tu.
Upande wa kukaa, mkurugenzi, chagua wewe kwanza."

Hakuna aliyecheka tena.
Kisha kiti kimoja kikakwaruza sakafu.
Kisha vingi.

Mkurugenzi alikaa dakika nne, simu ikamwita.
Sisi tulibaki.
Nilisimama chini ya nyota zangu mwenyewe,
nikaiona moja ikitulia kwenye utosi wa mtoto
aliyebebwa na Nekesa,
na kiganja cha Nekesa kikiizima.

Paa limeshushwa. Si kiasi tulichoomba.
Matundu yamezibwa, isipokuwa saba:
Bi Shinuna aliyataka, watoto wapate cha kuhesabia.
Kisanduku cha kabila nilikifuta.
Mwezi uliopita nimekiona kwenye fomu mpya,
mkono wa mtu mwingine, wino ule ule.

Siku hizi natangulia na chaki, penseli inafuata.
Na juu ya meza yangu, mahali pa cheti,
nimebandika risiti ya maziwa:
Juani, arobaini na mmoja.
Kivulini, watatu.
Mmoja wao paka.