Lumbesa

Kibaigwa, mchana, mwenye mzani ni mimi.
Gunia likija na kilemba kichwani,
kamba zimekazwa kushika kile ambacho mdomo umekataa,
nasema: fungua. Punguza. Shona upya.
Wachuuzi wameniita Mama Kilo Mia,
wananinunia, wanatema mate pembeni,
lakini wanapunguza.

Usiku, saa tano, simu inatikisika juu ya stuli.
Ni wewe, Sechelela.
Salamu huna. Unamimina:
Mhembano kalala nje tena,
Mhembano kauza mbuzi wa ada ya mtoto,
Mhembano kaapa, kalia, karudi.
Nami natoa mgongo, nabeba,
mwaka wa sita huu.
Asubuhi unaniandikia: Nimelala kama mtoto.
Mimi niko mzanini, nasoma namba ileile mara mbili.

Nilipokwambia mimba imetoka
ulisema pole,
neno moja, jepesi kama pumba,
kisha ukarudi kwa Mhembano.

Sikukuchukia. Ndiyo taabu yenyewe.
Ni wewe uliyenishika miguu
nikichimba mchanga wa korongo, kiangazi kile,
mpaka unyevu ukanigusa kucha.
Ni wewe uliyenifunza: chota kata tatu, halafu ngoja,
kisima nacho kinavuta pumzi.
Tukakizungushia miiba.
Si kwa uchoyo, ulisema. Kwa sababu ya mbuzi.

Basi juzi nikasema.
Sauti ilicheza kama mshale wa mzani kabla haujatulia:
Dada, njoo Jumapili, ibada ikiisha,
nitakusikiliza mpaka chai ipoe.
Usiku nazima simu.
Na ukifika, anza kwa kuniuliza hali.

Kimya.
Nikasikia upepo wa Mpwapwa ukipekua bati lako.
Kisha: "Vijisenti vya sokoni vimekupanda kichwani."
Ukakata.

Jana saa tano nililala macho,
simu imezimwa, kiganja changu juu yake.
Nisikudanganye, sikupumzika.
Mgongo uliozoea gunia
huinama hata likishushwa.

Lakini leo namba nimezisoma mara moja tu.
Kijana mmoja wa Pandambili kaniletea lumbesa,
kaniita mama, kaniita shangazi, kaniita malaika.
Nikacheka. Nikamwambia, fungua.

Leo ni Alhamisi.
Nimepita dukani kununua majani ya chai
na sukari ya watu wawili.