Mstari wa Kijani

Juzi nilijaribu mara tano.
Mara ya kwanza programu ilininasia giza:
dakika mbili za weusi mtupu, wenye sauti safi.
Nikazima ile nguvu ya ziada ya kadi ya picha,
nikafunga, nikafungua. Picha ikaja, sauti ikatoroka.
Mara ya tatu midomo ya mtangazaji ilitangulia,
maneno yakaifuata nyuma kama mtoto aliyekataa shule.
Ya nne, umeme ulikatika Kadutu nzima.
Ya tano siikumbuki, ila nilitukana.

Leo akaja Mama Cibalonza
na kikaratasi chenye anwani ndefu ya herufi na namba,
ameinakili kwa mkono, kakosea herufi moja tu.
"Mdogo wangu anazikwa Ottawa.
Saa tatu ya asubuhi kwao, saa kumi kwetu.
Wakimaliza wanafuta. Unishikie."

Unishikie.
Kana kwamba ni kuku.

Nikasafisha diski: nikafuta filamu saba
na harusi ya mtu ambaye hajanilipa.
Nikanunua mega za dola mbili.
Nikamwomba Murhula, kinyozi wa pembeni,
azime redio. Akazima. Jenereta hakuweza.
Kwa hiyo tukagawana waya wa visikizi,
kimoja sikioni mwake, kimoja mwangu,
vichwa karibu kugusana, watu tusiojuana.

Saa kumi na dakika mbili: theluji.
Kanisa lenye viti vingi kuliko watu.
Balagizi ndani ya sanduku la rangi ya asali,
na hakuna bega chini yake:
linasukumwa kwa magurudumu, kimyakimya,
kama toroli la mtu asiye na haraka ya kuuza.
Nikabonyeza duara jekundu.

Dakika ya nne nikaiona kasoro.
Chini ya dirisha kuna mistari miwili ya sauti,
mmoja wa mashine, mmoja wa mikro.
Wa mashine umelala.
Padri anasema, namsikia kwa sikio langu hili,
lakini mstari haushtuki.
Wa mikro, wa kijani, unaruka,
unaruka kila Mama Cibalonza anapovuta pumzi.

Ilikuwa inanasa chumba.
Ilikuwa inatunasa sisi.

Dawa yake naijua: simamisha, ingia kwenye mipangilio,
badili chanzo cha sauti, anza upya.
Sekunde arobaini. Kipanya kilikuwa mkononi.

Ndipo akaanza kusema naye. Kwa Mashi, polepole,
wala hakuwa akilia; ni maneno ya jikoni:
kwamba mpaka wa shamba la Kabare umesogezwa tena,
kwamba vile viatu alivyomtumia mwaka ule
vilikuwa vya kushoto vyote viwili,
na hakumwambia, asije akasikitika.
Mstari ukapanda, ukashuka,
ukapanda mpaka kwenye wekundu kwa neno nisilolijua.
(Mimi ni mtoto wa mjini, Mashi yangu inaishia kwenye salamu.)

Nikaondoa mkono kwenye kipanya.

Ilipokwisha nilimwambia ukweli.
Padri hayumo. Nyimbo hazimo.
Umo wewe, imo jenereta ya Murhula,
na mvua iliyoanza kupiga mabati dakika ya thelathini.
Nikakataa nusu ya pesa.
Akazihesabu zote, akazilaza juu ya kibodi.
"Padri nimeshamsikia," akasema,
akafunga flashi kwenye ncha ya kitenge, mafundo mawili,
akateremka ngazi za matope akishika ukuta.

Usiku huu nimerekebisha.
Chanzo cha sauti: mashine. Mikro: imezimwa.
Nimeijaribu kwa mechi ya mpira, kipindi kizima.
Inanasa vizuri, picha na maneno pamoja,
hakuna hata mtu mmoja anayekohoa.